Nani Aliye Sugu?

Watu wa bonde la Kilombero wanajua vizuri maana ya dawa kushindwa. Kwa miaka mingi malaria ilitibiwa kwa klorokwini, hadi klorokwini yenyewe ikaanza kushindwa hadharani: mtoto anamaliza dozi, joto linashuka, mama anashukuru, na baada ya siku chache joto limerudi palepale. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini kwenye nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka dawa nyingine iitwayo SP. SP nayo haikudumu. Haukupita muongo mmoja kabla nafasi ile haijashikwa na dawa mseto. Katika mabadiliko yote hayo watu walisema jambo moja, kwamba vimelea vimekuwa sugu. Usemi huo uliweka kila kitu mahali pake. Mtoto alibaki kuwa mgonjwa wa kuhurumiwa, na aliyejifunza kuishinda dawa alikuwa mdudu asiyeonekana kwa macho. Sijapata kusikia mtu akimlaumu mtoto kwa sababu klorokwini imeshindwa.

Sasa chukua ugonjwa mwingine. Madaktari wa akili huita sonona sugu ile ambayo haikupungua baada ya mgonjwa kutumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha. Hapa hakuna mdudu. Damu ya mgonjwa ikiwekwa chini ya hadubini haitaonyesha aliyekataa dawa. Basi usugu huu unakaa wapi? Nauliza kwa sababu kila jibu lina mtu wa kubeba lawama, na jibu linalotutoka bila kufikiri humtwika lawama aliyekwisha kulemewa.

Tuanze na sonona yenyewe, maana mara nyingi huchanganywa na huzuni. Huzuni ina kitu chake: umefiwa, umeachwa, mafuriko yamechukua mpunga. Huzuni ni namna ya kuthamini. Anayelia amepoteza alichokipenda, na machozi yake yanashuhudia kwamba kitu kile kilikuwa na thamani. Sonona ni kuzimika kwa uwezo wenyewe wa kuthamini. Mvua za kwanza zinaponyesha Kilombero, familia nyingi huhamia mashambani bondeni, zikaishi kwenye madungu kwa wiki na miezi, kulima, kupanda, kisha kuamia ndege. Fikiria mwanamume ambaye kila mwaka alikuwa wa kwanza kwenda. Mwaka huu mbegu ziko kwenye gunia, jembe limetiwa mpini mpya, mvua imekuja kwa wakati, naye amekaa. Anajua mwezi, anajua kwamba majirani wamekwisha kuondoka, anajua watoto watakula nini iwapo hatapanda. Ujuzi wote anao. Kilichokosekana ni ule msukumo mdogo unaotufanya tusimame tunapojua kwamba imetupasa kusimama. Anakula akiambiwa ale. Saa tisa usiku yu macho. Ukimuuliza ana nini, atakwambia ana mawazo, au atakwambia hana kitu, na majibu yote mawili ni ya kweli.

Watu wa nyumbani watamwambia ajikaze. Wengine watasema ni uvivu, wengine watasema amerogwa, wengine watasema imani yake imepoa. Tuseme, kwa bahati, mmoja wao anamfikisha kwa daktari, na anarudi na bahasha ya karatasi yenye vidonge vya amitriptilini, nje imeandikwa ameze kimoja usiku. Hapo linaingia suala la wakati, ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, na mara nyingi siku ya pili mgonjwa ameshaomba uji. Kizazi kizima cha bonde hili kimefundishwa na malaria kwamba dawa nzuri ni ile inayojibu upesi. Dawa ya sonona huchukua wiki mbili hadi sita kabla mtu hajahisi tofauti, na inayotangulia kufika ni adha: kinywa kukauka, usingizi mzito wa mchana, choo kigumu. Dawa inaanza kwa kumwongezea mgonjwa mzigo. Kungoja wiki sita kunahitaji kuamini kwamba kesho ipo, na ugonjwa wenyewe ni upotevu wa kesho. Kwa hiyo tunamwomba mgonjwa atoe mwanzoni kile ambacho tunatarajia dawa impe mwishoni.

Jibu la kwanza kwa swali letu linatoka hapa. Huenda usugu uko katika mazingira ya tiba. Mgonjwa aliacha vidonge wiki ya pili. Au alivimaliza na zahanati haikuwa na vingine. Au alipewa dozi ndogo na hakuna aliyeiongeza. Au nauli ya kurudi kliniki ilikwenda kwenye mbolea. Au sonona yake ina mzizi ambao kidonge hakiufikii: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, kipigo kila jioni. Jibu hili lina ukweli mwingi, na daktari mwangalifu huanzia hapo kabla ya kutamka neno sugu. Lakini halimalizi. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliotangaza matokeo yake mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa wa sonona zaidi ya 4,000, ukiwabadilishia au kuwaongezea matibabu kila yaliyotangulia yaliposhindwa. Kwa dawa ya kwanza, kama theluthi moja tu ndio waliopona kabisa. Watafiti wenyewe walikadiria kwamba hata baada ya hatua nne, karibu theluthi moja wangekuwa bado hawajapona, na wengine waliopitia upya hesabu zile wamesema waliobaki ni wengi zaidi ya hapo. Hao walikuwa na dawa, daktari na ufuatiliaji. Kwa hiyo hata tukitengeneza kila kilichoharibika katika huduma zetu, kuna watu watabaki nje ya mlango.

Jibu la pili linasema usugu uko kwa mtu mwenyewe. Hakuna kitabu cha tiba kinachosema hivyo, lakini ndivyo neno linavyosikika likitamkwa kitandani: "Wewe ni sugu." Nalikataa jibu hili, na nataka kueleza kwa nini, kwa kuwa huruma peke yake haitoshi kuwa hoja. Usugu, nikiufafanua kwa uangalifu, ni hali ya kitu kubaki kilivyo licha ya nguvu iliyokusudiwa kukibadili. Kwa maana hiyo hauwezi kuwa sifa ya kitu kimoja. Unahitaji pande mbili, kilichokusudiwa kubadilika na kilichotumwa kubadili, na hauko ndani ya upande wowote. Uko baina yao. Ukisema mtu huyu ni sugu umeufuta upande mmoja wa sentensi. Ungeweza kwa haki ileile kusema kwamba dawa hizi mbili ni dhaifu mbele ya maumivu haya. Maneno yote mawili yanaeleza tukio lilelile, ila la kwanza linamfanya mgonjwa kuwa mkaidi na la pili linawapa kazi wenye kutengeneza dawa. Nani amenufaika tulipochagua la kwanza?

Jibu la tatu nalipata Ifakara, mji wa bonde hilihili, na sijaona likipewa heshima linayostahili. Mwaka 1998 watafiti wa anthropolojia Susanna Hausmann Muela na Joan Muela Ribera, pamoja na Marcel Tanner, walichapisha kazi yao kuhusu jinsi watu wa Ifakara walivyoielewa malaria. Watu wale walikubali habari za mbu, vimelea na vidonge. Lakini ilitokea kwamba mtu anaumwa na kipimo hakionyeshi kitu, au anameza dawa na haponi. Maelezo yao yalikuwa kwamba wachawi wanaweza kuvificha vimelea visionekane, au kuizuia dawa isifanye kazi. Mgonjwa huenda kwa mganga ili kizuizi kiondolewe, kisha, na hapa ndipo penye uzito, hurudi hospitali kutumia dawa ileile.

Siandiki haya ili kutetea uchawi. Shtaka la uchawi limewatesa wazee wengi wa nchi hii, na silitaki. Nataka tutazame umbo la fikra hiyo. Mbele ya dawa iliyoshindwa, watu wale hawakusema kwamba mgonjwa ni mbaya, wala hawakusema kwamba dawa ni ya uongo. Walisema kati ya dawa na mtu kuna kitu kimesimama, na wakaamua kukitafuta. Waliacha mlango wazi pande zote mbili. Hiyo ni tafsiri ya usugu iliyo karibu na ukweli kuliko ile inayomgeuza mgonjwa kuwa mkaidi. Kosa lake liko katika kukimbilia kumtaja mtu kama kizuizi, kabla ya kukubali kwamba kizuizi huenda hakina jina bado.

Na hapo linakuja jibu la nne, ambalo mimi naliegemea: usugu mwingi unakaa katika ujuzi wetu. Tunalo jina moja, sonona, na huenda chini yake yamelala magonjwa kadhaa. Bonde hili limepata kuliona jambo kama hilo. Watafiti walichunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa waliofika kwenye vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara; matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Kwa desturi ya zamani, homa ilikuwa malaria na mtoto alipewa dawa ya malaria. Walipopima, karibu mtoto mmoja tu katika kila kumi alikuwa na malaria. Wengi wa waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, hasa ya virusi. Fikiria miaka yote ya nyuma: ni homa ngapi zilizoitwa kaidi kwa sababu zilipewa dawa isiyokuwa yao? Homa zile hazikuwa na ukaidi wowote. Hazikuwa zimejulikana. Kwa upande wa sonona, tungali katika zama za homa. Kipimo cha damu cha kutuambia huyu anahitaji dawa ipi hatuna, kwa hiyo tunajaribu moja, tunangoja, tunajaribu nyingine.

Tunajaribu. Kitenzi hicho kinatisha, na kina haki ya kutisha. Mtu asiyetaka kufanywa panya wa maabara ana sababu zake, na sababu hizo zinagusa historia ya Ifakara kwa njia ambayo wachache wanaijua.

Kituo ambacho leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara kilianzishwa mwaka 1956 na Rudolf Geigy, mwanabiolojia wa Basel, Uswisi, kama maabara ya nje ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki. Geigy alikuwa wa ukoo wenye kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy. Kampuni hiyo ndiyo iliyompa Paul Müller maabara alimogundua kwamba DDT inaua wadudu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Na katika mwaka uleule wa 1956, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwapa wagonjwa wa sonona kemikali moja ya kampuni ya Geigy na kuona baadhi yao wakiinuka. Ikaitwa imipramini, mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za sonona duniani. Amitriptilini iliyomo kwenye bahasha ya yule mkulima ni ya jamii moja nayo. Jina moja la ukoo, mwaka mmoja. Huku maabara ya mbu na kupe kando ya mto Kilombero, kule kimojawapo cha vidonge vya kwanza vya sonona. Sidai kwamba palikuwa na mpango wa kuviunganisha. Ninachosema ni kwamba historia ya kujaribu dawa za sonona haiko mbali na Ifakara kama tunavyodhani.

Historia hiyo ina doa. Uchunguzi wa wanahistoria uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa miongo kadhaa Münsterlingen palijaribiwa kemikali nyingi ambazo hazijaidhinishwa, kwa wagonjwa zaidi ya elfu moja, na wengi wao hawakuelezwa wala kuombwa ridhaa. Imipramini imewasaidia watu wasiohesabika. Wagonjwa wale walitumiwa. Sentensi hizo mbili ni za kweli kwa pamoja, na sioni haki ya kuifuta mojawapo kwa kutumia nyingine.

Ridhaa, basi, ni nini? Si saini, wala si kidole gumba kilichopakwa wino mbele ya shahidi, ingawa hivyo ni vya lazima. Ridhaa ni kukubali kwa mtu anayeelewa anachokubali na ambaye angeweza kukataa bila kupata hasara. Kwa mgonjwa wa malaria hilo si gumu sana kulipima. Kwa mgonjwa wa sonona kuna fundo ambalo sijaona likifunguliwa kikamilifu. Mtu anayejiona hana thamani anaweza kukubali jaribio kwa kuwa hajali litamfanya nini. Anasoma orodha ya madhara yanayowezekana, naye hatishiki, maana hakuna anachoogopa kukipoteza. Je, hiyo ni ridhaa? Inafanana nayo kwa nje, lakini ndani yake imekosekana ile nafsi inayojitetea, ambayo ndiyo inayoipa ridhaa maana. Na ukisema basi wagonjwa hawa wasiombwe kabisa, umewafungia nje ya utafiti pekee unaoweza kuwatoa walipo, tena umewaambia kwamba maradhi yamewanyang'anya hata haki ya kusema ndiyo.

Nimeligeuza jambo hili huku na huku, na ninapofika ni hapa: mgonjwa wa namna hii aombwe zaidi ya mara moja, katika siku mbalimbali, akiwa na ndugu anayemwamini karibu, na kukataa kwake kuwe kwepesi kuliko kukubali. Nauli na chakula vitolewe, lakini visiwe vingi kiasi cha kumnunua. Na anayemwomba awe tayari kulinda uhai wake kwa bidii kuliko mgonjwa mwenyewe anavyoulinda kwa sasa. Mtafiti anatakiwa kumkopesha mgonjwa ile hali ya kujijali ambayo ugonjwa umeichukua.

Jaribio nalo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa watu hulichanganya na kubahatisha. Kubahatisha ni kutenda bila kujua na bila kujali kama utajua. Jaribio ni kukiri mbele ya watu kwamba hujui, kisha kujifunga mapema kulikubali jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Wana wa bonde hili wamelifanya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Idete, wazazi waliwatoa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano kushiriki jaribio la SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, ndogo lakini ya kutia moyo. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ile ikaachwa. Je, damu ya watoto wa Idete ilikwenda bure? Kwa anayedhani thamani ya jaribio ni kufaulu, ndiyo. Mimi nasema hapana. Bila majaribio yale, chanjo isiyofaa ingeweza kusambazwa kwa mamilioni kwa nguvu ya matumaini peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya malaria ya RTS,S, ilisimama juu ya miaka mingi ya ndiyo na hapana za vijiji vya Afrika, na jibu la Idete limo.

Tumaini bila jaribio tumeliona pia. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda, mtu aliyechoka kuambiwa kwamba dawa zimeisha ana haki ya kutafuta. Lakini tumaini na ahadi ni vitu viwili. Tumaini ni kuelekea kwenye jema ambalo huna hakika nalo. Ahadi hudai hakika. Aliyekata tamaa yuko hatarini zaidi mbele ya anayeahidi, kwa kuwa ahadi humpumzisha na kazi ya kutumaini. Jaribio la kweli humwambia: hatujui kama itakusaidia, tutakuwa nawe tukitazama. Maneno hayo ni magumu kuyapokea, ila hayana uongo.

Katika dawa zinazojaribiwa kwa sonona sugu, mojawapo si mgeni kwetu. Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1985, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki huitumia kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kiasi kidogo, kilichotiwa kwenye mshipa, kiliwapunguzia sonona wagonjwa wachache ndani ya saa na siku, pale dawa nyingine zinapohitaji wiki. Nafuu hiyo huisha upesi, na dawa ina hatari zake: humtoa mtu katika hali yake ya kawaida kwa muda, hupandisha presha, na inaweza kuleta uraibu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha ndugu yake, esketamini, ya kupuliziwa puani kliniki, na mgonjwa huangaliwa kwa angalau saa mbili. Esketamini ni ghali sana. Ketamini ya kawaida ni rahisi, na ipo kabatini.

Hapo swali la thamani linageuka. Kwa hospitali ya bonde la Kilombero, kilicho adimu huenda si dawa. Adimu ni zile saa mbili za muuguzi kukaa na mtu mmoja anayetetemeka, amshike mkono, ampime presha, asimwache. Kwa mama anayehitaji upasuaji saa hizo tunazipata, kwa sababu tumekubaliana kwamba uhai wake uko hatarini. Kwa mkulima aliyekaa kando ya gunia la mbegu hatujakubaliana hivyo, ingawa sonona nayo huua.

Kuna jambo jingine katika majaribio haya linalonifikirisha sana. Katika majaribio ya dawa za sonona, hata wale wanaopewa kidonge kisicho na dawa ndani hupata nafuu, kiasi cha theluthi yao. Wengine hulitazama hilo kama kero inayoficha nguvu ya dawa. Mimi naona linatuambia kitu kuhusu binadamu. Watu wale walipata kuulizwa kila wiki wamelalaje. Jina lao liliandikwa mahali, na wasipofika mtu alipiga simu. Nchini Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liliwakutanisha wenye sonona katika vikundi, bila dawa yoyote, kwa wiki kumi na sita, wazungumze kuhusu misiba na migogoro yao wakiongozwa na watu wa hapohapo. Baadaye, asilimia 6.5 tu ya walioshiriki vikundi ndio waliokuwa bado na sonona kamili, kulinganishwa na asilimia 54.7 ya wasioshiriki. Sisemi kwamba mazungumzo yataponya kila sonona sugu. Wapo ambao wamezungumza na kusikilizwa na kupendwa, na giza halikuondoka, nao wanahitaji dawa bora. Nasema kwamba kuwa muhimu kwa mtu mwingine ni sehemu ya tiba, na jaribio lililoendeshwa kwa heshima humpa mgonjwa hilo tangu siku ya kwanza: mwili wake una jibu ambalo wengine wanalingoja.

Ndiyo maana kumwacha siku jaribio linapokwisha ni ukatili wa aina ya pekee. Ng'ambo ya mto, juu Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu wenye kifafa, watu waliotengwa, waliokula kwenye chombo cha peke yao, wenye makovu ya kuangukia moto. Aliwapa fenobabito, dawa ya bei ndogo. Wengi walipata nafuu na wengine hawakupata. Alihamia Canada, akawa daktari wa akili, lakini wagonjwa wale hakuwasahau. Aliendelea kuwafuatilia kwa miongo. Kwangu huo ndio uhusiano unaolipa jaribio uhalali wake. Aliyekuomba uvumilie kutojua pamoja naye amekuwa na deni kwako, na deni hilo halifutwi na ripoti kuchapishwa.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaopanga utafiti wa afya nchini. Majaribio makubwa ya dawa za sonona sugu yamefanyika zaidi Marekani na Ulaya. Bonde lililowafundisha walimwengu mengi kuhusu chandarua, chanjo na homa za watoto lina wataalamu, lina vijiji vilivyozoea kuulizwa na kujibu, na lina wagonjwa. Sonona sugu iwekwe kwenye orodha, na dawa ijaribiwe kwa watu watakaoitumia, kwa sharti kwamba ikifaulu wao wawe wa kwanza kuipata.

La pili ni kwako, msomaji mwenye ndugu ambaye dawa hazijamsaidia. Usimruhusu aziache ghafla, wala asipewe dawa ya mtu mwingine. Chukua daftari, andika kila dawa aliyotumia, kiasi chake, alianza lini, aliacha lini na kwa nini. Nenda naye kliniki, mpe daktari daftari hilo. Dawa mbili zilizoshindwa ni taarifa, na daktari anaihitaji ili achague ya tatu.